Katoni ya Thomson: Safari ya Leseni kutoka Katuba hadi Luapula

Kufuatilia utekelezaji wa masharti ya leseni katika uvuvi wa biashara ni kazi ya kuhakikisha kwamba aliyepewa ruhusa ya kuvua anavua mahali aliporuhusiwa, kwa zana alizoruhusiwa, katika majira yaliyoruhusiwa na kwa kiasi kisichozidi kile kilichoandikwa katika hati yake. Kazi hiyo imezoeleka kuelezwa kutoka gatini, kutoka kwenye sitaha ya meli au kutoka katika chumba chenye ramani za setilaiti, na ni nadra kutazamwa kutoka mwisho wa njia, yaani sokoni, kwenye meza ya mama muuza samaki anayeishi mbali na ziwa na zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari yoyote. Masimulizi haya yanaanzia kwenye mwisho huo. Yanafuata njia aliyoipita mwandishi wake, ambaye humu ataitwa msafiri, kutoka Katuba mjini Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hadi Kasenga kwenye ukingo wa mto Luapula na kurudi, akitafuta jambo moja tu: ni wapi, kati ya maji na sufuria, hati inayomruhusu mvuvi kuvua hukoma kumfuata samaki.

Katuba ni mojawapo ya komini saba za Lubumbashi, komini ikiwa ni kitengo cha utawala wa mji chenye ofisi yake na mkuu wake. Iko upande wa kusini-magharibi, baada ya komini ya Kenya kwa mtu anayetoka katikati ya jiji, na ilijengwa karibu na mwaka 1950, wakati jiji lingali likiitwa Élisabethville na Wabelgiji wakiwapangia Waafrika mahali pa kulala mbali na nyumba zao wenyewe. Mitaa yake imenyooka kama iliyopigwa kwa kamba, vumbi lake ni jekundu, na upeoni huonekana bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kilima cheusi cha mabaki ya madini kilichorithiwa kutoka Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906. Mlo wa nyumba nyingi za hapo ni bukari, kama watu wa Katanga wanavyouita ugali, na bukari haishuki kooni bila kitoweo. Na kwa kuwa nyama ya ng'ombe ina bei ya kumfikirisha hata mtu aliyelipwa jana, kitoweo hicho mara nyingi huwa samaki.

Samaki wa Katuba huja kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni ya kaskazini-mashariki, inayoleta samaki wa mto Luapula na Ziwa Mweru kupitia Kasenga, Kilwa na Pweto. Njia ya pili ni ya kaskazini, inayoleta mikebuka na ndakala, yaani migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika, kutoka Moba na Kalemie, pamoja na samaki waliobanikwa kutoka maziwa ya Upemba, ambao hupakiwa Bukama kwenye reli. Njia ya tatu, ambayo kwa kiasi imezimeza nyingine mbili, ni ya kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na ndiyo inayoleta samaki wa bahari aliyegandishwa, anayejulikana na kila mtoto wa Lubumbashi kwa jina la Thomson. Thomson ni kibua mkubwa wa bahari ya Atlantiki. Kwamba watu wa jiji lisilo na bahari wamezoea samaki wa bahari kuliko wa mto ni jambo ambalo msafiri aliliona la ajabu kwa dakika chache tu, hadi alipoambiwa bei.

Mama mmoja, ambaye meza yake ilikuwa na pande zote mbili za biashara hiyo, aliieleza tofauti kwa sentensi moja, katika Kiswahili cha Lubumbashi ambamo neno "njo" hufanya kazi ya "ndiyo" na "papa" ni baba: "Hii njo ya Kasenga, papa, ile ingine njo ya mu frigo." Kwake yeye, na kwa wateja wake, samaki hugawanyika kati ya wa Kasenga na wa frigo, yaani wa jokofu, na mgawanyiko huo ni wa ladha, wa bei na wa mafuta yanayobaki kwenye kikaango. Mgawanyiko wa kisheria, kati ya samaki aliyevuliwa kwa kibali na asiyevuliwa kwa kibali, haukuwapo mezani, wala hapakuwa na namna ya kuuona kwa macho, kwa pua au kwa kidole, ambazo ndizo ala tatu za ukaguzi katika soko lolote.

Hata hivyo chini ya meza ile palikuwa na katoni. Ilikuwa katoni ngumu ya Thomson, iliyolowa pembe moja kwa maji ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka, na ubavuni mwake palikuwa na lebo iliyochapwa kwa herufi ndogo ambayo mwenye katoni, kwa maelezo yake, hajawahi kuombwa na mtu yeyote kuisoma. Msafiri aliisoma. Ilitaja jina la kisayansi la samaki, Trachurus capensis. Ilitaja kipimo cha urefu wake kwa sentimita, kwa sababu kibua huuzwa kwa madaraja ya ukubwa. Ilitaja tarehe ya kugandishwa, nchi ya Namibia, namba ya utambulisho wa chombo kilichomgandisha, na eneo la uvuvi namba 47, ambalo katika mgawanyo wa bahari unaotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ni Atlantiki ya kusini-mashariki. Kwa maneno mengine, samaki aliyesafiri zaidi ya kilomita elfu mbili kutoka bandari ya Walvis Bay alikuwa amekuja na cheti cha kuzaliwa, ilhali jirani yake wa mezani, aliyetoka mto ulio ndani ya mkoa uleule wa Haut-Katanga, hakuwa na hata jina la kijiji.

Lebo hiyo fupi ni mkia wa utaratibu mrefu. Namibia ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990 ilikuta maji yake, yaliyonona kwa sababu mkondo baridi wa Benguela huinua virutubisho kutoka kilindini, yakivuliwa na meli za mataifa mengi bila ya mwenye nyumba kuulizwa. Mwaka huohuo ilitangaza ukanda wake wa kiuchumi wa maili 200 za bahari na kuanza kuzikamata meli za Kihispania zilizokuwa zikivua humo bila leseni. Tangu hapo mfumo wake umejengwa juu ya hati tatu ambazo msomaji anapaswa kuzitenganisha. Haki ya kuvua humwingiza mtu au kampuni katika uvuvi wa aina fulani ya samaki kwa miaka kadhaa. Mgao ni sehemu ya jumla ya tani ambazo serikali, baada ya kupokea ushauri wa wanasayansi, imeruhusu zivuliwe katika mwaka. Na leseni ya chombo huruhusu meli maalumu kwenda baharini kuuvua mgao huo. Mwenye haki anaweza kukosa mgao, mwenye mgao anaweza kukosa meli, na mwenye meli, kama ilivyotokea mara nyingi, anaweza kuwa mgeni anayekodi mgao wa mwenyeji.

Leseni ya chombo ndiyo yenye masharti yanayofuatiliwa kila siku. Nyavu za kukokota haziruhusiwi katika maji yenye kina kisichofika mita 200, kwa kuwa huko ndiko samaki wachanga wanakokulia. Samaki aliyenaswa kwa bahati mbaya hatupwi baharini bali huletwa nchi kavu na kulipiwa. Na samaki wote hushushwa katika bandari mbili tu, Walvis Bay na Lüderitz, ambako wakaguzi huwasubiri. Chini ya sheria ya rasilimali za bahari ya mwaka 2000 kuna pia wakala wa waangalizi, yaani watu wanaopanda melini na kukaa humo safari nzima, wasio mabaharia wala polisi, ambao kazi yao ni kutazama, kupima na kuandika. Kiini cha ufuatiliaji ni kulinganisha hesabu tatu ambazo hazikuandikwa na mkono mmoja: daftari la nahodha, daftari la mwangalizi na uzito unaosomwa gatini. Zikikubaliana, meli imefuata masharti au wote watatu wamekula njama. Zikitofautiana, kuna swali la kujibiwa. Kifaa cha setilaiti kilichofungwa juu ya meli huongeza shahidi wa nne, ambaye hajui samaki ni nini lakini anajua meli ilikuwa wapi saa ngapi, na ilikuwa ikienda kwa mwendo wa kusafiri au kwa mwendo wa pole wa kukokota wavu.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuisifu katoni. Lakini mwezi Novemba 2019 mtandao wa WikiLeaks ulitoa nyaraka zilizodai kwamba kampuni ya Samherji ya Iceland ilikuwa imewalipa wakubwa wa Namibia mamilioni ya dola ili ipate mgao wa kibua huyuhuyu, sehemu yake ikipitia makubaliano ya uvuvi kati ya Namibia na Angola. Mawaziri wawili, wa uvuvi na wa sheria, walijiuzulu na baadaye wakashtakiwa pamoja na wengine, nao wamekana mashtaka, kama vile kampuni ilivyokana kutoa hongo. Jambo la kufikiriwa katika kisa hicho, kwa mtu aliyeinama chini ya meza huko Katuba, ni kwamba meli zenyewe huenda zilitimiza kila sharti: zilikokota penye kina kinachotakiwa, zilibeba mwangalizi, zilishusha Walvis Bay, zikabandika lebo ya kweli. Ufuatiliaji wa leseni huchunguza kama mwenye hati ameitii hati. Hauchunguzi hati ilipatikanaje. Ni kama mlinzi wa mlangoni anayekagua tiketi kwa uaminifu mkubwa huku dirisha la kuuzia tiketi likiwa nyuma yake.

Kasumbalesa haipunguzi wala haiongezi kitu katika hilo. Magari ya barafu hufika hapo baada ya kuvuka Zambezi kwenye daraja la Katima Mulilo, lililofunguliwa mwaka 2004, na kuikata Zambia yote. Amri ya Kongo ya mwaka 2002 iliruhusu huduma nne tu za serikali kufanya kazi mipakani, nazo ni forodha, uhamiaji, ofisi ya udhibiti wa bidhaa inayojulikana kwa kifupi cha OCC, na afya ya mipakani. Forodha huuliza thamani, OCC huuliza ubora na tarehe, afya huuliza uozo. Swali la leseni haliulizwi, na si kwa uzembe: samaki akishavuka mpaka wa kwanza amekwisha kugeuka bidhaa, na bidhaa haina ziwa wala bahari.

Msafiri alitoka Katuba alfajiri kwenda kumtafuta samaki asiye na lebo. Gari lilikuwa lori la mizigo ambalo abiria wake wengi walikuwa akina mama wa biashara, na mbele ya viti vya mbao zilipangwa friji kuukuu, mashine zake zikiwa zimekufa zamani, zilizolazwa chali na kujazwa mabonge ya barafu yaliyofunikwa magunia. Friji iliyolazwa chali ndiyo jokofu la barabara ya Kasenga. Mlango wake hufungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, na maji hutoka kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto. Barabara huelekea kaskazini-mashariki, hupita katika misitu ya miombo iliyokatwakatwa kwa ajili ya makala, yaani mkaa, hufika njiapanda ya Kasomeno, ambapo tawi moja huendelea Kilwa na Pweto na jingine hugeuka kuelekea mtoni. Safari yote ni zaidi ya kilomita 200. (Kilwa hiyo, kwa faida ya msomaji wa pwani, ni mji wa ukingo wa Ziwa Mweru, unaotazamana na kisiwa cha jina hilohilo kilicho upande wa Zambia; kutafuta misikiti ya kale huko ni kujichosha.)

Biashara ya samaki kwenye njia hiyo ina umri karibu sawa na jiji lenyewe, lililoanzishwa mwaka 1910. Migodi ilikusanya maelfu ya wafanyakazi waliopaswa kulishwa kwa posho, na katika miaka ya baina ya vita viwili vya dunia wavuvi na wafanyabiashara wa Kigiriki walijikita Kasenga, wakanunua na kuvua, wakawafunga samaki katika barafu na kuwapeleka Élisabethville kwa malori. Samaki aliyebeba biashara hiyo aliitwa mpumbu, jamii ya ningu, ambaye mvua za kwanza zilipoanza aliupanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza, kwa sababu makundi yaliyopita mahali pamoja kwa wakati mmoja yalitegewa nyavu mahali hapohapo na wakati huohuo, na mpumbu alipunguka vibaya sana katika miaka ya 1940 na iliyofuata, huku tawala mbili za kikoloni, ya Wabelgiji upande mmoja na ya Waingereza upande wa pili, zikishindwa kukubaliana nani afunge uvuvi kwanza. Kongo ilikuwa tayari na sheria, amri ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi, ambayo iliendelea kutajwa katika ofisi miongo mingi baada ya uhuru, na ni jambo la kutafakari kwamba sheria hiyo ilikuwapo wakati mpumbu anakwisha.

Kabla ya amri hiyo palikuwa na leseni za namna nyingine. Masimulizi ya bonde la Luapula, ambayo mwanahistoria David Gordon aliyafanyia kitabu mwaka 2006, humtaja mwanamke aitwaye Nachituti, ambaye baada ya Mwata Kazembe kumlipizia kisasi cha mwanawe alimpa mtawala huyo kapu la udongo na chungu cha maji, na kwa zawadi hiyo nchi na maji yake vikawa chini ya Kazembe. Hata hivyo koo zilizokuwa na vidimbwi na mikono ya mto hazikunyang'anywa uangalizi wake: wenye maji waliendelea kufungua uvuvi kwa tambiko, kuufunga, na kupokea sehemu ya samaki. Msomaji wa leo anaweza kuliona hilo kuwa ushuru tu, lakini lilikuwa na kitu ambacho vibali vingi vya karatasi havina: aliyetoa ruhusa aliishi kando ya maji, alikula samaki wa maji hayo, na alijua ni nani aliyelala mtoni usiku.

Kasenga yenyewe hufika ghafla. Mto ni mpana, maji yake ni ya rangi ya chai yenye maziwa machache, na ng'ambo, pasipo uzio wala kizuizi chochote ila maji, ni Zambia. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani, nyavu zimetandazwa juu ya matete, na dagaa wadogo waitwao chisense, ambao tangu miaka ya 1980 ndio waliobeba uzito wa uvuvi wa Mweru, walikuwa wameanikwa juu ya mikeka waking'aa kama vipande vya bati. Mvuvi mmoja mwenye umri wa makamo, alipoulizwa kama ana kibali, hakusita hata kidogo. "Permi iko, papa, nililipaka," alisema, yaani kibali kipo na kimelipiwa, akatoa mfukoni mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nane.

Karatasi hiyo inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndiyo kitu ambacho safari nzima ilikuwa ikikitafuta. Ilikuwa fomu iliyochapwa, yenye mistari ya kujazwa kwa kalamu. Mstari wa jina ulijazwa. Mstari wa kijiji ulijazwa. Mstari wa kiasi kilicholipwa ulijazwa mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno, na juu yake muhuri uligongwa kwa nguvu kiasi cha kuipasua karatasi kidogo. Mstari wa aina ya zana ulikuwa mtupu, na ule wa mahali pa kuvulia ulikuwa na kistari kimoja kilichochorwa kwa haraka. Mtu huyo alikuwa na leseni halali isiyo na sharti lolote la kufuatwa. Mkaguzi mwaminifu kuliko wote, akija na sheria mkononi, asingepata katika hati ile kitu cha kukagua isipokuwa kama fedha zimelipwa. Alipoulizwa ni nini huangaliwa wanapokuja wakaguzi, alijibu kwa maneno ambayo msafiri hakuhitaji kutafsiriwa: "Habaulizake nyavu, banaulizaka makuta." Makuta ni fedha.

Nyavu zenyewe zilikuwa pale, na macho yake, yaani matundu, hupimwa huko kwa vidole: wavu wa vidole vitatu, wavu wa vidole viwili, na ule ambao kidole hakipiti. Katika uvuvi unaosimamiwa vizuri chombo cha kupimia ni kibao chembamba chenye umbo la kabari, kinachosukumwa ndani ya tundu lililolowa hadi kikwame, na namba inayosomwa mahali kilipokwama ndiyo ushahidi wa mahakamani. Kidole hakipelekwi mahakamani. Walikuwapo pia wenye nyavu za uzi mmoja wa nailoni, ambazo wavuvi wa Ziwa Viktoria huziita timba, na chandarua kilichoshonwa kuwa kokoro la kuvulia chisense. Usiku husikika kutumpula, neno la Kibemba linalotaja kupiga maji kwa rungu ili samaki wakurupuke na kukimbilia wavuni, njia inayokatazwa na ambayo, kwa kejeli ya maumbile, ndiyo yenye kelele kuliko zote.

Sharti linalojulikana na kila mtu mtoni ni lile la majira. Zambia hufunga uvuvi katika sehemu kubwa ya maji yake kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, miezi ambayo mvua hufurisha kingo na samaki huingia katika nyasi zilizofurika kutaga, na wakuu wa upande wa Kongo nao wamekuwa wakitangaza kufunga Mweru na Luapula katika miezi hiyohiyo. Tangazo na doria si kitu kimoja. Wavuvi wa Kasenga husema kwamba wenzao wa ng'ambo huvuka usiku kuja kuvua penye ulinzi mchache. Wa ng'ambo husema samaki waliowahifadhi kwa miezi mitatu huliwa Lubumbashi. Kwa kadiri msafiri alivyoweza kupima, wote wawili wanasema kweli. Katika Ziwa Tanganyika nchi za kando zimejaribu dawa ya pamoja, na mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Tofauti kubwa ni kwamba huko kuna mkataba wa pamoja na mamlaka ya pamoja ya ziwa, na kufunga kunapokubaliwa pande zote hakuna ukingo wa kukimbilia.

Kurudi Lubumbashi kulifanyika kwa lori lingine, lililobeba magunia ya chisense, vikapu vya samaki waliobanikwa na friji tano zilizojaa perege wa Mweru, ambao jina lao huko ni "pale", katika barafu iliyokwisha kupungua nusu. Lori lilisimamishwa penye vizuizi kadhaa, na penye kila kimoja mama mwenye mzigo alilipa na kupewa karatasi, au alilipa bila kupewa. Usiku, wakati dereva akibadilisha gurudumu, mama huyo alizitandaza karatasi zake juu ya kifuniko cha friji na kuruhusu zisomwe kwa mwanga wa simu. Moja ilikuwa ya maegesho, moja ya usafi, moja ya ushuru wa bidhaa, nyingine haikusema ni ya nini. Zote zilitaja idadi ya magunia na namba ya gari; hakuna iliyotaja mto, ziwa, wavu au mwezi wa kuvua. Mtu akitaka kujua ni kiasi gani cha samaki kimepita barabarani anaweza kukikadiria kwa risiti hizo, lakini akitaka kujua kama samaki hao walivuliwa kihalali atakuta kwamba utawala umewafuata kwa makini tangu walipopanda lori na haukuwaona kabla ya hapo.

Ugumu wa kumfunga samaki na maji aliyotoka haukuanzia Luapula, na Waswahili wa Tanzania wanao mfano wao. Machi 2009 meli Tawariq 1 ilikamatwa katika ukanda wa kiuchumi wa Tanzania ikiwa na karibu tani 300 za samaki na bila leseni ya nchi hiyo. Samaki waligawiwa, watu wakawaita samaki wa Magufuli kwa kuwa John Magufuli ndiye aliyekuwa waziri wa mifugo na uvuvi, na mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani baadhi ya washtakiwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliifuta hukumu hiyo kwa kasoro za kisheria katika uendeshaji wa mashtaka. Ikiwa kesi yenye meli nzima, nahodha, shehena na dola nzima nyuma yake iliweza kuporomoka kwa utaratibu wa mashtaka, ni vigumu kuona kesi ya gunia la chisense ingesimama kwa msingi gani, hasa kwa kibali kisichotaja wavu.

Hata hivyo mambo mawili yangewezekana bila ya meli wala setilaiti, na msafiri anayataja kwa sababu aliona vifaa vyake vikiwapo tayari. Mstari mtupu wa zana ungeweza kujazwa pale karatasi inapogongwa muhuri, kwa kalamu ileile inayojaza kiasi cha fedha, na hapo ndipo kibali kingeanza kuwa na kitu cha kuvunjwa. Na risiti ya kwanza ya barabarani, ile inayotolewa mtoni kabla ya lori kuondoka, ingeweza kubeba namba ya kibali cha mvuvi au cha mnunuzi, kama lebo ya Namibia inavyobeba namba ya chombo, ili katika mwezi wa Januari swali liulizwe kwa mwenye mzigo mbichi: huyu ametoka maji gani? Kwamba anayeuliza anaweza kugeuza swali hilo kuwa tozo nyingine ni hatari ya kweli, na wafanyabiashara waliokuwa lorini waliitaja kabla ya msafiri kumaliza kueleza.

Lori liliingia Lubumbashi saa za asubuhi, na mzigo wa Katuba ulishushwa kwa mikokoteni. Mama wa meza ileile alipokea fungu lake la samaki wa Kasenga, akawahesabu, akamnusa mmoja penye shavu, akakataa wawili. Vikapu vilikuwa vimevunjika njiani, hivyo alivuta katoni iliyokuwa chini ya meza, akaikung'uta maji, na kuwapanga humo perege mmoja mmoja, vichwa upande mmoja, hadi ikajaa. Kisha akaiinua juu ya meza, ubavu wenye lebo ukiwa umewaelekea wateja: Trachurus capensis, Namibia, eneo namba 47.